Kupima Oili Njiani, Kwenda Kumwozesha Rukia

Nimechoka kusimulia habari hii vipande vipande. Huyu nimempa pweza wa Somanga, yule nimempa mwanamke wa Kitomanga, na mmoja wenu, ambaye namjua, amepata mwisho bila mwanzo na sasa anatangaza mtaa mzima kwamba nilipata ajali. Sikupata ajali. Gari halikugusa hata mbuzi. Kwa hiyo nimekaa niandike yote mara moja, kituo kwa kituo, na mtu akiniuliza tena nitampa karatasi asome mwenyewe.

Kwa wasiojua: marehemu mdogo wangu Juma aliacha binti mmoja, Rukia, anayeishi na mama yake mtaa wa Rasbura, pale Lindi mjini. Rukia alikuwa anaolewa Ijumaa, mara tu watu watakapotoka msikitini. Baba yake hayupo, babu yake hayupo, kaka hana. Wali wa kumwozesha ni mimi. Mpishi akichelewa watu watakula baadaye, na ngoma isipofika watu watapiga vigelegele wakalale. Wali asipofika kuna tatizo.

Mambo ya kujiandaa nayaruka, hayana utamu wowote.

Mbagala mpaka Ikwiriri

Tuliondoka Alhamisi asubuhi, mimi na Mama Saidi, na nyuma yetu sufuria mbili za shughuli, gunia la mchele, na mkeka ambao mke wangu alikataa katakata kuuacha. Gari mnalijua. Ni lile dogo jeupe la otomatiki, unaloweka kwenye D ukasahau kama gia zipo duniani. Nilikuwa nikijisifu sana kwa gari lile. Mwanangu Saidi alishaniambia siku nyingi kwamba gia boksi ya otomatiki nayo ina oili yake na kijiti chake cha kupimia, mbali na kile cha injini, nami nikamwambia ninajua. Nilikuwa ninajua kipo. Nilichokuwa sikijui mtakiona.

Tulipita Mkuranga vizuri, tukapita Kibiti vizuri. Baada ya hapo, kwenye kilima ambacho hata si kilima, nikakanyaga mafuta, injini ikapiga kelele na gari likabaki linatembea mwendo wa harusi. Kisha likashtuka, likashika, likaenda. Mama Saidi akanitazama.

"Umelifanya nini?"

"Mimi? Nimekanyaga tu."

"Basi usikanyage hivyo."

Tulipofika Ikwiriri lilikuwa limeshanifanyia mchezo huo mara kadhaa. Tukaelekezwa kwa fundi mmoja mwenye gereji uani kwake, mtu mzima kuliko mimi, mnene, mwenye kofia safi ambayo sijui huwa anaivaaje katikati ya grisi. Nikaingiza gari uani, nikazima injini, nikashuka kumpa shikamoo.

Hapa nitaje jambo moja, kwa sababu safari yote ilijipinda hapo. Sisi watu wa huku hatusalimii mtu injini ikinguruma. Ukiingia uani kwa mtu na gari likaendelea kuunguruma wakati unampa shikamoo, ni sawa na kumsalimia huku unatafuna. Sikufundishwa na mwalimu wa udereva, nimelelewa hivyo. Na salamu zenyewe si neno moja. Mzee aliniuliza habari za Dar, za watoto, za mvua, za mguu wa Mama Saidi alipomwona anashuka kwa taabu, nami nikamuuliza za kwake zote. Ikaletwa kahawa na kashata. Baada ya hapo ndipo boneti ikafunguliwa.

Akachomoa kijiti cha gia boksi, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa. Oili ilikuwa imepita mstari wa juu.

"Oili ipo, mwanangu, tena imejaa mpaka imezidi," akasema. "Itakuwa mzigo. Sogeza gunia la mchele mbele kidogo."

Tukalisogeza. Hakutaka chochote kwa kazi ile. Alisema anayekwenda kuozesha hatozwi, akatusindikiza mpaka barabarani akiwa na kofia yake safi, na mimi nikaondoka nimempenda mzee yule kama nimemjua miaka.

Somanga

Tulivuka daraja la Rufiji polepole na kufika Somanga gari likiwa linalia kila tukikutana na mwinuko. Mama Saidi akasema gari lipumzike na sisi tule. Sikubishana naye, kwa sababu harufu ya samaki wa kukaanga ilikuwa imeshaingia dirishani na kunishinda.

Pweza wa Somanga nisiwaelezee sana, mtanuna. Mwanamke aliyetuuzia alikuwa na karai kubwa na maneno mengi kuliko karai. Aliukata mkono mrefu wa pweza vipande vidogo, akamwaga ndimu na pilipili, akampa Mama Saidi, kisha akanipa mimi sahani yenye kidogo zaidi. Nikamuuliza kulikoni.

"Wewe unaendesha," akasema. "Ukishiba utasinzia, na huyu mama nimempenda."

Hata hivyo alinipa muhogo wa nazi juu yake, na maji ya kunawa ya moto, na akataka kujua bwana harusi ni wa wapi. Nilipomwambia ni kijana wa Mtwara alitafakari kidogo, akasema si mbaya.

Tulikaa pale muda wa kutosha. Tulipoondoka gari lilikwenda kama limeoga. Nikamwambia Mama Saidi, unaona, lilikuwa limechoka tu. Hakunijibu, maana alikuwa na pweza mdomoni.

Kilwa Masoko

Lilikuwa halijapona. Kabla ya Nangurukuru likaanza tena, safari hii vibaya zaidi: unakanyaga, linapiga kelele, linafikiri, halafu linashika kwa kishindo mpaka sufuria zinagongana. Tukakata shauri tusilazimishe. Badala ya kunyoosha kwenda Lindi tukakata kushoto kwenda Masoko, kwa sababu mbili. Kwanza, binamu yake Mama Saidi, Bi Mwanahamisi, anaishi pale, na tungelala. Pili, pale kuna duka la vipuri la Bwana Akbari.

Huyu Bwana Akbari ni Mhindi wa Kilwa, yeye na baba yake na babu yake, na Kiswahili chake kinanifanya nione haya kwa changu. Alikuwa anafunga duka tulipofika. Kuona gari la ugenini akafungua tena. Nikazima injini. Akatoka nje mwenyewe, akatupa mikono yote miwili, akaita maji ya kunywa, akauliza safari, akauliza nyumbani, akauliza ni kwa nani tumefikia, na alipolisikia jina la Bi Mwanahamisi salamu zikaanza upya kutoka juu.

Nilimwambia nataka oili ya gia boksi. Nilikuwa nimeamua ndani ya kichwa changu kwamba oili ndiyo dawa, sijui kwa nini, pengine kwa sababu ndiyo kitu pekee nilichoweza kukinunua.

"Tuipime kwanza," akasema.

Akakunja mikono ya kanzu, akachomoa kijiti, akakifuta kwa kitambaa, akarudisha, akachomoa, akasogea kwenye taa ya duka. Kikawa kimelowa kupita mstari wa juu. Akanionyesha.

"Sikuuzii."

"Bwana Akbari, mimi nataka kununua."

"Unataka, lakini huhitaji. Ukiongeza hapa utaua gia boksi. Nikikuuzia leo, kesho utanilaani, na utakuwa na haki."

Mama Saidi akamwangalia mtu yule kwa heshima ambayo mimi sijaiona kwa muda. Muuza duka anakataa kuuza! Nami hadi leo namheshimu, ingawa mtaona kwamba kile alichonikatalia kwa uaminifu wake wote ndicho nilichokuwa nakihitaji. Hakukosea kwa tamaa wala kwa uvivu. Alikosea kwa sababu alinisalimia vizuri.

Kwa Bi Mwanahamisi tulipikiwa wali wa nazi na kuku wa kupaka, na nilipewa kitanda chenye chandarua kipya ambacho bado kilikuwa na mikunjo ya dukani. Nilimsikia Bi Mwanahamisi akimnong'oneza mke wangu kwamba nimekonda. Asubuhi, kabla sijawasha gari, nilikipima tena kile kijiti mwenyewe, kama ninavyopima oili ya injini miaka yote: injini imepoa, gari limetulia, mtu umetoka kuswali. Kimejaa. Nikafunga boneti nikiwa na amani kabisa.

Mandawa mpaka Mbwemkuru

Nyote mnaosema barabara ya Lindi ni tambarare hamjawahi kuipita na gari linalokataa kupanda. Kutoka Nangurukuru kwenda mbele barabara inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, mikorosho huku na huku, na watu wamekaa nje ya nyumba zao wakikutazama. Kila kilima nilikikanyagia mafuta mpaka chini. Malori yalitupita. Basi likatupita. Karibu na Mandawa tukapitwa na mzee wa baiskeli aliyebeba mkungu wa ndizi, naye alipotupita alitupungia mkono kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma.

Huko ndiko simu ilipoanza. Shemeji yangu, mama yake Rukia, alipiga kwanza kuuliza tumefika wapi. Nikasema tunakuja. Akapiga tena, tukawa bado tunakuja. Saa ya swala ikaingia tukiwa tumesimama kando ya barabara tukipooza gari, na nilijua kwamba kule Rasbura watu wa Mtwara walikuwa wameshafika, wamevaa, na wamekaa kwenye mikeka wakisubiri mtu mmoja.

Akapiga tena. Safari hii sauti ilikuwa ya chini, kama mtu aliyejitenga na wageni.

"Shemeji, imamu anasema si lazima uwepo. Unaweza kumfanya mtu wakili wako kwa simu, akamwozesha kwa niaba yako. Watu wa Mtwara wana safari ya kurudi. Unasemaje?"

Nilimtazama Mama Saidi. Ukweli ni kwamba nilitaka kusema ndiyo. Jua lilikuwa kali, mgongo uliniuma, na aibu ya kufika umechelewa na gari linalokohoa ilikuwa imeshanikaa kifuani. Nikasema basi, mpe simu Rukia nimwombe radhi, halafu tufanye hivyo.

Rukia akaja. Nikamweleza kwa maneno mazuri kadiri nilivyoweza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Baba mkubwa," akasema, "baba hayupo. Na wewe usipokuwepo, mimi nitaozeshwa na nani, simu?"

Nikaanza kumweleza habari za gari, akanikatiza.

"Mimi nitasubiri," akasema. "Waambie wao kama wanataka kuondoka waondoke. Wewe njoo."

Nikarudisha simu mfukoni na kuwasha gari. Mama Saidi alijifuta macho kwa ncha ya kanga, na mimi nikajifanya naangalia kioo cha pembeni. Kuanzia hapo sikuwa tena nakwenda kwenye shughuli. Nilikuwa nakwenda kwa mtoto aliyekataa kuolewa mpaka nifike, na watu wa Mtwara wangeweza kukasirika wakati wowote wakabeba kijana wao.

Tukavuka Mbwemkuru kwa mwendo wa kobe.

Kitomanga

Kitomanga gari lilikoma. Pale barabarani, penye maduka machache na wauza korosho, nilikanyaga mafuta na injini ikanguruma na magurudumu hayakuwa na habari. Nikaliacha lijivute lenyewe mpaka kando. Nikazima. Nikawasha tena. Nikaweka D: likasogea kidogo, likaacha.

Basi la kwenda Lindi lilikuwa limetupita zamani, na lingine, tukaambiwa, ni la jioni. Mwenye bodaboda mmoja, mtu mzima mwenye kofia ya sufu kwenye jua lile, akajitolea kunipeleka mpaka Rasbura. Mama Saidi akasema niende, yeye atabaki na gari na sufuria. Mimi kumwacha mke wangu barabarani sikutaka, na kwenda mbali kote kule na mgongo huu juu ya pikipiki sikutaka pia, lakini Rukia alikuwa anasubiri. Nilikuwa nimeshanyanyua mguu mmoja.

Ndipo likaja gari dogo jeupe, pacha wa langu, limejaa magunia ya ufuta mpaka tairi zimekaa. Likasimama mbele yetu. Akashuka mwanamke wa makamo, mwenye chale mbili nyembamba usoni kama mabibi wa Kimakonde wa zamani, ingawa yeye hakuwa wa zamani hata kidogo: suruali chini ya kitenge, simu mbili, na msalaba mdogo shingoni. Umri wake ni wa binti yangu mkubwa. Nikangoja shikamoo.

Hakuamkia. Hakunitazama hata usoni. Alisikiliza gari langu, ambalo nilikuwa nimeliwasha kujaribu mara ya mwisho na bado lilikuwa linanguruma, akanyoosha mkono.

"Usizime."

Nikamwambia, kwa ukali kidogo, "Habari za saa hizi, mama."

"Usizime hiyo gari, nakuomba. Kaa ndani. Kanyaga breki. Linaweza kusogea mpaka pale mbele ya duka palipo sawa?"

Nikamwangalia Mama Saidi, naye akaniangalia. Hata Mama Saidi, ambaye ana moyo mkubwa kuliko wangu, alikuwa amekunja uso. Mtoto wa watu, hana shikamoo, hana habari zenu, anaamuru. Lakini sikuwa na mtu mwingine, nikaingia ndani. Wanaume wawili wakasukuma kidogo, likajivuta mpaka palipo tambarare. Nikataka kuzima ili nishuke tuongee kama watu.

"Baba, usizime!" Hapo alipaza sauti kweli. "Breki imekanyagwa? Sasa vuta gia taratibu, pitisha kwenye kila herufi, mpaka mwisho, urudishe juu kwenye P. Iache iendelee kunguruma."

Nikafanya. Akafungua boneti injini ikiwa inachemka, akaomba kitambaa safi. Mama Saidi akampa leso yake mwenyewe, nyeupe, kwa shingo upande. Mwanamke akachomoa kijiti cha gia boksi, akakifuta mpaka kikakauka, akakirudisha mpaka chini, akakichomoa.

Nikashuka nitazame. Ncha tu ndiyo iliyolowa. Mistari yote ilikuwa mikavu.

"Haiwezekani," nikasema. "Imepimwa Ikwiriri. Imepimwa Masoko. Nimeipima mwenyewe alfajiri. Imejaa."

"Ulizima injini?"

"Bila shaka nilizima. Nimeingia uani kwa watu."

Akacheka, mara ya kwanza. "Baba, na mimi niliua gia boksi nzima kwa adabu. Nyumba ya wakwe zangu iko hapa nyuma, na shemeji yangu ndiye fundi. Kila nikija, nazima, napiga magoti, naamkia, nakaa, nalishwa. Tukimaliza, oili inapimwa. Imejaa. Mwezi baada ya mwezi imejaa. Siku imekufa ndiyo tukajua. Hii oili si kama ya injini. Ukizima, yote inashuka inakaa chini, kijiti kinakwambia imejaa. Ikiwaka, inapanda kwenda kufanya kazi, ndiyo unauona ukweli. Inapimwa ya moto na inanguruma. Ukisalimia kwanza umeshaharibu."

Alikuwa ameileta ile ncha karibu na pua yake. Akainusa, akaisugua kati ya vidole viwili, akainusa tena. Mimi nilikuwa nimeshikilia pumzi, kwa sababu hata asiyejua anajua kwamba mtu anaponusa kitu hivyo anatafuta kifo.

"Nyekundu imechoka kidogo," akasema, "lakini haijaungua, na haina mchanga. Una bahati. Ingenuka kama maharage yaliyoshika sufuria ningekwambia panda hiyo pikipiki."

Nyuma ya gari lake, chini ya magunia, alikuwa na galoni ya oili ileile ya gari pacha. Alikata shingo ya chupa ya maji akafanya faneli, akamimina kidogo kwenye tundu la kijiti, akangoja, akapima. Akamimina kidogo tena, akangoja, akapima. Nilimwambia amimine tu, tuna haraka, mtoto anasubiri. Akasema ikizidi inatoa povu, na povu halisukumi gari, na akaendelea kwa mwendo wake. Sijawahi kuona mikono yenye haraka namna ile ikifanya kazi bila pupa namna ile. Oili ilipofika kati ya mistari miwili, akapiga magoti mbele, akapitisha vidole chini ya rejeta, akavileta juu vikiwa vyekundu. Bomba moja lilikuwa linatoa jasho kwenye klipu yake. Akaikaza kwa bisibisi, akaipangusa, akaitazama muda mrefu mpaka akaridhika.

Kisha akaenda kwenye ndoo ya muuza korosho, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akajifuta. Akaja mbele yangu, akakunja magoti mpaka kitenge kikagusa vumbi.

"Sasa, shikamoo baba."

Nilikaribia kusahau jibu. "Marahaba, mwanangu."

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mama. Marahaba sana," Mama Saidi akasema, akamshika mabega akamnyanyua.

Na ndipo akatusalimia. Akauliza tunatoka wapi, tumelala wapi, watoto hawajambo, safari ni ya heri au ya msiba. Jina lake ni Mama Agnesi, kwao ni Newala, ananunua ufuta na korosho vijijini. Salamu zake zilikuwa ndefu kuliko za Bwana Akbari, wala hakupunguza neno kwa sababu ya haraka yetu. Nilisimama pale nikiona haya kwa jinsi nilivyomfikiria, na wakati huohuo nikiwa na furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri. Nilikuwa nimemdhania hana malezi. Kumbe ameyaweka pembeni kidogo ili atuokoe, na akayarudia yote, bila kupunguza hata chembe.

Tulipomwambia ni ndoa, na wali ni mimi, alishika kichwa. "Na umesimama hapa unaniuliza habari za Newala?" Akatutia ming'oko ya kuchemsha kwenye mfuko. Ni mizizi ile ya porini ya huku kwetu, inamenywa kwa meno na ina utamu wa mbali. Akatufungia mlango wa gari mwenyewe.

Mama Saidi alikula ming'oko mpaka Mchinga. Mimi sikuonja hata mmoja, nilishika usukani kwa mikono miwili. Gari lilipanda kila kilima kimyakimya, na mke wangu akasema tu, "Yule mtoto kalelewa." Nikamwambia ndiyo.

Rasbura

Tulifika alasiri imeshaswaliwa. Watu wa Mtwara walikuwepo. Walikuwa wamekaa kwenye mikeka nje ya nyumba, kanzu zimeshikwa na jasho, na baba yake bwana harusi alipotuona alisimama, na wote wakasimama naye. Nilijitayarisha kwa lawama. Akanishika mkono, akasema poleni na safari, karibuni kivuli. Hakuna hata mmoja aliyetaja saa. Shemeji yangu alikuja mbio na kanga moja begani akalia waziwazi mbele za watu, na hakuna aliyemkataza.

Imamu akasema tusikawie, nikachukue idhini ya binti. Nikaingia ndani na mashahidi wawili nyuma yangu. Chumba kilikuwa kimejaa wanawake, na udi, na joto, na Rukia alikuwa amekaa kitandani katikati, amefunikwa ushungi wote mpaka mikononi, inaonekana hina tu. Mnajua desturi yetu. Binti huulizwa, naye hunyamaza kwa haya, na kunyamaza kwake huwa ndiyo jibu. Kwa hiyo wanawake wakanyamaza, mashahidi wakanyamaza, nami nikamuuliza kama inavyoulizwa: ananiidhinisha nimwozeshe kwa kijana yule, kwa mahari waliyokubaliana?

Kikawa kimya. Nikasubiri. Nikawa nageuka kwenda kusema ameridhia.

"Baba mkubwa," ikatoka sauti chini ya ushungi. "Umekula?"

Mtu mmoja akaguna. Nilikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, na nadhani aliniona kupitia kitambaa.

"Sijala, mwanangu."

"Basi niozeshe, ukale."

Wanawake wakaangua vigelegele kabla sijafika mlangoni. Nje imamu akaniuliza kama binti ameridhia. Nilitaka kumjibu kwa sauti ya mtu mzima, mbele ya watu wote wale waliotusubiri, ikashindikana. Nikaitikia kwa kichwa tu, nikakaa mbele ya kijana wa watu, nikampa mkono.